Ubaridi wa Ofisini ni Amana

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeumba jua na kivuli, Akaupeleka upepo atakako, Akayafanya mapumziko ya mja kuwa ni neema na mtihani kwa pamoja. Tunamhimidi, tunamtaka msaada na tunamuomba maghufira. Tunashuhudia kwamba hapana Mola apasaye kuabudiwa kwa haki ila Yeye peke Yake, na tunashuhudia kwamba Bwana wetu Muhammad ni mja Wake na Mtume Wake. Sala na salamu zimshukie yeye, na Ahali zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tunaziusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu katika siri na dhahiri, katika jambo kubwa mnaloliogopa na katika jambo dogo msilolitia maanani.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza katika redio. Wengi wetu tumefika hapa tukitokea maofisini. Tumeacha kalamu na mafaili, tumetia udhu, tumekuja kuitikia wito. Basi tuulizane jambo moja, na kila mtu ajijibu moyoni mwake, kwa kuwa si ruhusa kuzungumza wakati wa khutba: katika kile chumba ulichokiacha, kiyoyozi umekizima, au kinaendelea kuvuma na kupoza viti vitupu?

Huenda mtu akastaajabu na kusema: mimbari imekuwa mahali pa kuzungumzia mashine? Sisi tunasema kwamba mimbari ni mahali pa kuzungumzia mali ya watu, na haki za watu, na kivuli cha watu. Mashine ni mlango tu wa kuingilia katika maneno hayo.

Kwanza tuondoe dhana isiyo sahihi. Hatukusimama hapa kuharamisha ubaridi. Dini yetu haikumtaka mja ateseke kwa joto ili aonekane mcha Mungu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza Sahaba zake, joto linapokuwa kali, waicheleweshe sala ya adhuhuri mpaka ukali wa joto upungue. Angalieni: sala yenyewe, ambayo ni nguzo, imesogezwa ndani ya wakati wake kwa ajili ya kumrahisishia mwenye kusali. Na katika Suratun Nahl, aya ya 81, Mola wetu anavihesabu vivuli, na maficho ya milimani, na nguo zinazomkinga mtu na joto, kuwa ni katika neema Zake alizotukamilishia. Kwa hiyo karani anayefanya kazi vizuri zaidi katika chumba chenye hewa ya kiasi hana lawama. Lawama iko kwingine, nasi tutaifikia.

Leo ni Ijumaa, na wengi wetu tumesoma Suratul Kahf tangu jana usiku au leo asubuhi, kama ilivyo sunna. Katika aya ya 17 ya sura hiyo muna jambo ambalo tumelipitia mara nyingi bila ya kulisimamia. Mwenyezi Mungu anatueleza hali ya lile pango walimolala wale vijana: jua linapochomoza linawaepuka upande mmoja, na linapokuchwa linawapita upande wa pili, na wao wamo katika nafasi ya wazi iliyomo pangoni. Imamu Ibn Kathir ameeleza katika tafsiri yake kwamba hali hii inajulisha kuwa mlango wa pango ulielekea kaskazini. Tafakarini. Watu waliohifadhiwa miaka 300 na 9 hawakuwekwa penye jua la asubuhi wala penye jua la jioni, na walipewa nafasi ya kupitisha hewa. Muujiza ni muujiza, na Mwenyezi Mungu angeweza kuwahifadhi hata juani. Lakini Amependa kututajia mlango, na jua, na uwazi. Hizo ndizo nguzo tatu anazozitazama hadi leo fundi mwenye akili anapopima msingi wa nyumba ya nchi ya joto.

Na wazee wetu wa pwani hii walikuwa mafundi wa namna hiyo. Piteni katika Mji Mkongwe mtazame. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, hata joto la mchana huchelewa kuingia ndani mpaka jioni inafika. Dari ziko juu. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, na wembamba huo ukasaidia upepo kuingia upande huu na kutokea upande wa pili. Katikati muna ua. Vichochoro ni finyu, nyumba moja inaitilia kivuli nyumba ya pili. Waliijua kaskazi na waliijua kusi. Hawakujenga kana kwamba upepo ni adui wa kufungiwa nje.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilizungushiwa veranda pana pande zote juu ya nguzo za chuma. Tangu mwaka 1911 likatumika kwa ofisi za serikali, na makarani wakafanya kazi humo miaka mingi, jua likiishia katika veranda bila ya kuufikia ukuta wa chumba. Jumba hilo lilianguka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, nasi tulisikitika na mji mzima. Lakini lililotusikitisha zaidi ni kwamba ilimu ya veranda zile ilikuwa imekwisha kuanguka kabla ya nguzo zake.

Kwani leo tunajenga nini? Tunajenga sanduku la vioo, tukauelekeza uso wake magharibi kwa sababu barabara iko huko, tukayafanya madirisha yasifunguke, kisha tukanunua mashine ya kupambana na kosa letu wenyewe. Katika nchi iliyo karibu na Ikweta kama yetu, jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, na ukingo mpana wa paa unatosha kulizuia. Jua lenye inda ni lile la asubuhi na la alasiri, ambalo huja kwa ubavu na kuingia mpaka mezani. Ukuta wa mashariki na wa magharibi ndio unaotaka mti, au veranda, au ubao wa kivuli kwa nje. Tunasema kwa nje, kwa sababu mwangaza ukishapita kwenye kioo hugeuka joto ndani ya chumba, na pazia la ndani limechelewa. Linakinga macho, joto limekwisha kuingia.

Sasa tuitazame mashine. Wengi tunaitumia bila ya kujua inafanya nini, na asiyeijua kazi ya kitu hawezi kuijua hukumu ya kukitumia. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachukua joto la chumbani na kulitupa nje. Basi kila raha ya ndani ina joto lake lililotupwa mahali, na mahali hapo huenda pana mtu. Tutarudi kwenye neno hili.

Tena, sehemu kubwa ya kazi yake hapa pwani si kupunguza joto peke yake bali kukausha unyevu wa hewa. Yale maji yanayotiririka katika mpira nje ya dirisha ndiyo unyevu huo. Asili ya mashine hii ilikuwa ni hiyo: mhandisi Mmarekani, Willis Carrier, aliibuni mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji mjini New York, ambako unyevu ulikuwa ukiziharibu karatasi. Kwa hiyo mwenye kuwasha kiyoyozi na kuacha mlango wazi anaiamuru mashine iikaushe hewa ya Bahari ya Hindi. Haitamaliza.

Na yuko anayeingia ofisini na jasho lake, akachukua rimoti akaishusha mpaka digrii 16, akidhani chumba kitapoa upesi. Mashine nyingi hazina upesi huo. Zitapoza kwa mwendo wao uleule, tofauti ni kwamba hazitasimama pale ulipotosheka. Baada ya saa moja utawaona watu wa ofisi hiyo wamevaa sweta, na mmoja anapiga chafya, na hapana aliyeinuka kuirudisha. Nchini India serikali iliagiza kwamba kuanzia mwaka 2020 viyoyozi vya vyumbani vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa digrii 24, na idara yao inayosimamia matumizi bora ya umeme ilikadiria kwamba kila digrii moja ya kupandisha huokoa kiasi cha asilimia 6 ya umeme wa mashine. Basi anayetoka digrii 18 akasimama 24 ameokoa kiasi cha thuluthi. Nyinyi mnaijua thuluthi. Ndicho kiwango cha juu ambacho sharia imemruhusu maiti kuusia katika mali yake yote. Si kitu kidogo.

Wajapani nao, mwaka 2005, serikali yao iliziomba ofisi zisipoze chini ya digrii 28 wakati wa joto, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuacha koti na tai. Tulipoisoma habari hiyo tulicheka kidogo. Kwani nani aliyewaambia watu wa Unguja kwamba cheo ni koti la sufu na tai shingoni katika mwezi wa Februari? Babu zetu walivaa kanzu, vazi lenye kupitisha hewa, wakaendesha mahakama na biashara ya bahari nzima ndani yake. Leo tunavaa nguo za nchi ya theluji, kisha tunaigeuza ofisi iwe nchi ya theluji ili nguo ziwiane.

Na pangaboi tumelidharau. Pangaboi la darini linatumia kiasi cha wati 70, na kiyoyozi cha ofisi ya kawaida kiasi cha wati 1,000 kinapofanya kazi. Pangaboi halipozi chumba. Linampoza mtu, kwa kuupeperusha unyevu wa ngozi yake. Kwa hiyo pangaboi likizunguka polepole, digrii 26 huhisiwa kama kidogo kuliko hiyo, na mashine ikapumzika. Na kwa sababu hiyohiyo pangaboi katika chumba kisicho na mtu halina faida yoyote hata ya dakika moja.

Ndugu Waislamu, tumesema kwamba lawama iko kwingine. Sasa tuifikie, na tuanze na nafsi zetu, kwa kuwa ni aibu kwa khatibu kuwanyooshea watu kidole hali ya kuwa chake mwenyewe kimo kwenye asali.

Msikiti tunaouhudumia una jengo la wakfu: chini maduka, juu orofa mbili za ofisi za kupangisha. Aliyeliweka wakfu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliweka sharti kwamba kinachobakia baada ya matengenezo kiwalishe watoto mayatima wa madrasa. Kodi tuliipanga pamoja na umeme, ili tusisumbuane na wapangaji. Ikafika Februari ya mwaka mmoja, mwezi wa joto la kaskazi, mweka hazina akatuletea hesabu: umeme umekula kile kilichobakia. Uji wa asubuhi wa watoto, uliokuwa siku 5 kwa wiki, ukawa siku 3. Mtoto mmoja alituuliza, kwa adabu, kama Jumatatu imefutwa katika kalenda.

Tulimwita fundi, kijana aliyesoma madrasa hiyohiyo. Akatwambia, "Sheikh, tusiende mchana. Twende usiku." Tukaenda saa tatu usiku, baada ya sala ya isha. Jengo limefungwa, kimya, na mashine 7 zinavuma katika vyumba visivyo na mtu. Kijana akawa anafungua mlango baada ya mlango kwa funguo za mlinzi. Akavuta chujio la moja ya mashine hizo, likatoka na vumbi nene kama zulia. Akasema mashine hii inavuta pumzi kupitia blanketi. Akamulika tochi chini ya mlango, mwanga ukatokea nje upana wa vidole viwili. Tukafika chumba cha saba. Tukamwambia, "Fungua, mwanangu." Akasita, akainamisha kichwa. Kilikuwa ni chumba chetu, ofisi ya kamati ya msikiti.

Sisi ndio tuliotoka humo alasiri ya siku ile, na sisi ndio tuliokiacha.

Hesabu aliyotufanyia ni nyepesi na haikututoka mpaka leo. Mashine moja, kutoka alasiri hadi asubuhi ni saa 14. Tuseme imefanya kazi nusu ya muda huo tu, kwa kuwa hujizima na kujiwasha. Hizo ni uniti 7 za umeme. Kwa uniti 7 pangaboi la darasa la watoto lingezunguka saa 100. Usiku mmoja, chumba kimoja, na saa mia za upepo juu ya vichwa vya mayatima zimepozea meza.

Mafakihi wanasema: mwenye kushika amana halipi kilichoharibika mkononi mwake, isipokuwa amevuka mpaka au amefanya uzembe. Kuacha mashine wazi usiku kucha ni uzembe. Na msimamizi wa wakfu, na karani wa serikali, na mfanyakazi wa shirika, wote wameshika umeme ambao hawaulipi wao. Kwa sababu hawaulipi, hawauoni. Yule ambaye nyumbani kwake hupita chumba hadi chumba akizima taa na kuwagombeza watoto, ofisini anaondoka na kila kitu kinawaka. Tunamuuliza: je, mkono uliochoka kuzima ni mwengine?

Wanavyuoni wanasimulia kuhusu Khalifa Umar bin Abdul-Aziz (R.A.), aliyetawala kutoka mwaka 99 hadi 101 wa Hijra, kwamba alijiwa usiku na mjumbe kutoka jimboni. Alimuuliza habari za Waislamu, na bei za sokoni, na mwenendo wa magavana, na mshumaa mkubwa unawaka. Mjumbe alipogeuka kumuuliza yeye hali yake na ya watu wa nyumbani kwake, Khalifa akauzima mshumaa ule, akaagiza taa ndogo. Mjumbe akastaajabu. Akaelezwa kwamba mshumaa ule ni wa mali ya Waislamu, ulikuwa ukiwaka katika shughuli zao. Shughuli ilipokuwa yake, haikumhalalikia tena kuitumia nuru yao. Huyu ni mtawala wa dola iliyofika Andalusi na Sindi, na anahesabu nta.

Na msione udogo. Katika Suratu Aal Imran, aya ya 161, mumetajwa kwamba mwenye kuhini mali ya watu wote atakuja nayo Siku ya Kiyama. Na katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), imo habari ya yule mtumishi aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaibar; watu wakampongeza kwa shahada, Mtume (S.A.W.) akawajulisha kwamba shuka aliyoichukua kabla ya ngawira kugawanywa inamuwakia moto. Hapo mtu mmoja akaja mbio na ukanda wa kiatu, au miwili, aliyokuwa ameichukua. Akaambiwa kwamba huo nao ungekuwa ukanda wa moto. Ukanda wa kiatu, ndugu Waislamu.

Tunasema kauli yetu hii, na tunamuomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na yenu. Muombeni maghufira, hakika Yeye ni Mwingi wa Kusamehe, Mwenye Kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ihsani Yake, na shukrani ni Zake kwa taufiki Yake. Sala na salamu zimfikie Bwana wetu Muhammad, na Ahali zake na Sahaba zake wote.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tuliahidi kulirudia lile joto linalotupwa nje. Nyuma ya jengo letu la wakfu pana kichochoro, na katika kichochoro hicho mzee mmoja alikuwa akiuza kahawa tangu sisi ni vijana. Mafundi wa zamani walizipanga mashine zote katika ukuta huo, ukuta wa magharibi, zimebanana, moja inavuta joto la mwenzake. Fundi wetu alitueleza kwamba mpango huo unaziongezea mashine mzigo. Lakini kabla yake alitujia mzee mwenyewe. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Sheikh, mmeniletea kiangazi kichochoroni." Maji ya mipira yalikuwa yakidondokea meza yake, na upepo wa moto ukiwafukuza wateja. Tulimwambia tutalitazama. Hatukulitazama. Baada ya mwezi hatukumuona tena.

Ndugu Waislamu, Mtume (S.A.W.) ameweka msingi kwamba hapana kudhuru wala kulipizana madhara. Na amekataza vikali mtu kukidhi haja katika kivuli wanachopumzikia watu. Hatusemi kwamba hukumu za mambo haya mawili ni moja. Tunasema kivuli cha watu kina heshima katika sharia, na anayekitilia joto la ofisi yake ajiulize anafanya nini.

Na madhara hayaishii kichochoroni. Tangu mwaka 1980 umeme wa Unguja umekuwa ukitoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mnakumbuka Mei ya mwaka 2008, tulipokaa kiasi cha mwezi mzima gizani; na mnakumbuka zaidi Desemba ya 2009 mpaka Machi ya 2010, miezi mitatu. Pampu zilisimama, tukabeba ndoo. Waliokuwa na fedha waliwasha majenereta, na wengine wakahesabu siku. Waya mkubwa zaidi ulilazwa mwaka 2013, na alhamdulillahi. Lakini waya ni mmoja kwa wote: unaopoza chumba kitupu ni uleule unaovuta maji ya kisima na kuhifadhi chanjo katika friji ya zahanati. Mchana wa joto, pale ofisi zote zinapovuta kwa pamoja, ndipo mzigo unapokuwa mzito.

Kwa hiyo mpangaji wetu mmoja alipotwambia, "Mimi nimelipa, ni haki yangu," tulimjibu kwamba amelipa thamani ya umeme, hakununua ruhusa ya kuumwaga. Suratul Israa, aya ya 26 na ya 27, imekataza ubadhirifu bila ya kumvua mwenye mali yake mwenyewe.

Liko jambo jengine la afya, nasi tulilijua tumechelewa. Kiyoyozi cha ukutani kilichozoeleka hakiingizi hewa mpya; kinaizungusha ileile ya chumbani. Watu kumi waliojifungia tangu saa mbili wanavutiana pumzi, na maradhi ya kifua hupenda mahali kama hapo. Hayo tumefunzwa na kifua kikuu zamani na korona tangu mwaka 2020. Msinzio wa mkutano wa saa nane si wa chakula peke yake. Fungueni madirisha ya pande mbili asubuhi, chumba kioshwe na hewa kabla ya mashine kuwashwa. Kisha mkiwasha, fungeni. Na wakati wa chakula, zimeni na mfungue tena.

Kwa wahandisi na wachoraji wa majengo walio miongoni mwetu tunasema maneno machache. Mjini Harare liko jengo la maduka na ofisi liitwalo Eastgate, lililokamilika mwaka 1996, ambalo mchoraji wake, Mick Pearce, alichukua fikra katika kichuguu cha mchwa. Usiku hewa ya baridi hupitishwa ndani ya saruji, na mchana saruji hiyo huvipoza vyumba bila ya viyoyozi vya kawaida. Nairobi nako Umoja wa Mataifa ulifungua ofisi zake mpya za Gigiri mwaka 2011 bila ya viyoyozi. Mchwa, kiumbe yuleyule aliyeila fimbo ya Nabii Suleiman (A.S.), amekuwa mwalimu wa wajenzi. Lakini msiige kwa upofu: Harare na Nairobi ziko juu, usiku wao una baridi kavu, Dodoma na Arusha wanaweza kujifunza huko. Usiku wa Unguja na wa Mombasa hauna baridi ya kuweka akiba. Mwalimu wetu sisi ni veranda, na dari ya juu, na dirisha linalofunguka, na upepo wa kusi.

Ama wakfu wetu, haya ndiyo tuliyoyafanya. Kila mpangaji amewekewa mita yake, na kodi imepunguzwa ili asidhulumiwe. Mashine za nje zimehamishiwa juu ya dari, chini ya kivuli cha makuti, zimeachiwa nafasi. Paa limepakwa chokaa nyeupe. Vyujio huoshwa kila mwezi, na kazi hiyo wamepewa vijana wawili wa madrasa kwa ujira. Katika ofisi ya kamati tumetundika pangaboi, na ufunguo wa mlango umefungwa pamoja na kile kibao cha swichi kuu ya chumba, hata asiyezima hawezi kufunga. Uji wa watoto umerudi siku 4. Siku ya tano bado tunaitafuta, na hesabu iko wazi kwa kila anayetaka kuiona baada ya sala.

Mzee wa kahawa tumemtumia mtu mara mbili huko anakokaa sasa. Tumemwambia kichochoro kimepoa. Bado hajajibu, na haki ya kusamehe ni yake.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyapoteza katika amana za watu, tukikumbuka na tukisahau. Warehemu waliotuwekea wakfu, na uwape mayatima wetu riziki isiyokatika. Walinde wagonjwa walio mahospitalini na wanaofanya kazi katika jua. Uijaalie nchi yetu amani, na mvua yenye manufaa, na viongozi wenye kukuogopa. Amin.

Simamisheni sala.